Acheni kutupa jozi ya 8, wasee

Jumamosi iliyopita, Section 58, sebuleni kwa msee wetu, niliona kitu kinaniuma mpaka leo. Tulikuwa wanane mezani, Texas Hold'em, hakuna pesa: wawili wa mwisho kubaki wanakula kuku bila kuchanga, wa kwanza kutoka anaosha sufuria. Jamaa wa Lanet amebaki na chipu 9,000. Blaindi ni 500 na 1,000. Anapewa 8 mbili. Wanne waliomtangulia wametupa kadi, nyuma yake wamebaki watatu tu. Anaziangalia, anavuta pumzi, anatupa. "Nangoja kitu ya maana," anasema.

Mizunguko mitatu baadaye ako na 4,500 na anasukuma zote akiwa na J na 4, kwa sababu hana namna. Sufuria zikapata mwenyewe.

Nikamwambia zile 8 zilikuwa za kusukuma. Akanijibu mbele ya mbogi yote: "Wewe ni wa ndege tu." Anamaanisha ile ndege ya kwenye simu. Na anajua fiti kwamba 2023 hiyo ndege ilibeba pesa yangu ya hostel, nikalala kwa binamu Njoro muhula mzima. Kwa hivyo ndiyo, naandika nikiwa na hasira kiasi. Hesabu nitaiweka hapa, mniambie makosa yako wapi.

Shida yetu najua ilikotoka. Kenya hii ukitaja poker, watu wengi wanafikiria kadi: ile ya 2 na 3 za kukulisha, ya J kuruka mtu, ya kusema "niko kadi". Tumeicheza tangu primary, kwa hivyo tabia zake ziko damuni. Na kwa kadi, ukiwa na A unaificha. Mtu akikupiga na 3, unatoa A, unatulia. Anayetunza silaha yake mpaka mwisho ndiye mjanja. Sasa huyo mjanja anakuja Hold'em akifikiria kungoja ni bure. Si bure. Hold'em inakutoza kodi ya kukaa kwa kiti. Meza yetu ya wanane, kila mzunguko kamili unalipa 1,500, upende usipende. Ukiwa na 9,000, mizunguko sita umeisha bila kucheza mkono hata mmoja. Na hapo sijahesabu kwamba blaindi zinapanda.

Mizunguko sita ni mikono 48. Unangoja A mbili? Hizo zinakuja mara moja kwa mikono 221. Tuseme wewe si mchoyo, utakubali hata Q mbili na K mbili. Zote tatu pamoja ni kama mara moja kwa mikono 74. Unaona vile unajidanganya? Na hata zikija ukiwa umebaki na 3,000, nani atakuogopa? Watakufuata na takataka yoyote, wakikubamba ndiyo hivyo, ukishinda bado uko pabaya.

Turudi kwa zile 8. Watu watatu nyuma. Uwezekano kwamba mmoja wao ako na jozi kubwa kuliko yako, kuanzia 9 hadi A, ni kama 9 kwa 100. Tisa! Mara nyingi wote watatu wanatupa, unachukua 1,500 bila kuonyesha kadi, na 9,000 imekuwa 10,500. Akitokea mtu wa A na K akufuate, bado wewe ndiye uko mbele kidogo, kama 55 kwa 45. Ni ukikutana na ile jozi kubwa tu ndiyo umeumia, unashinda kama mara moja kwa tano. Sasa jamaa alikuwa anaogopa nini hasa?

Na nyinyi wa kulipa 1,000 "nione flopu kwanza", msicheke. Nyinyi mko vibaya zaidi yake. Jozi yako kuwa tatu kwa flopu ni kama mara 12 kwa 100. Kwa jozi ya 8, flopu inakuja na angalau kadi moja kubwa kuliko 8 kama mara 87 kwa 100. Imekuja K, J na 5, mtu ameweka 2,000, utafanya nini? Utatupa. Umelipa sehemu ya tisa ya mali yako ili utishwe. Mwenye chipu 100,000 anaweza kununua hiyo tiketi, akibahatika atalipwa vizuri. Wewe huna chipu za kutosha kulipwa.

Wa kupandisha hadi 2,500 halafu kukimbia mtu akisukuma, sina maneno yenu. Hiyo 2,500 ilikuwa zaidi ya robo ya mali.

Sasa, kuna wakati wa kutupa na sitaki mtu aje kuniambia sikusema. Mbele yako kuna msee amepandisha, na huyo hupandisha mara moja kwa usiku mzima? 6 mbili hizo tupa, usijisumbue. Mmebaki watatu, wawili ndio wanakula kuku, na mwenzako amebaki na chipu mbili tatu? Tulia, aondoke kwanza. Ukiwa na blaindi 30 pia hiyo ni stori nyingine. Lakini jamaa hakuwa na hata moja ya hizo. Alikuwa na woga, akauita uvumilivu, na sisi wote tukaitikia kwa kichwa kama wazee wa baraza.

Kuhusu ndege. Ile kitu imepimwa ili kampuni ibaki na asilimia yake ukicheza muda mrefu, na hakuna mtu upande ule mwingine unayeweza kumfanya atupe kadi. Mimi nilijua hivyo nikiwa nimechelewa. Mezani kwetu kuna watu saba wenye woga wao, na woga wao ndio nusu ya nguvu ya zile 8. Kuziita kitu kimoja ni kunikosea, na ni kutojua mchezo. (Wadogo zangu wa chini ya miaka 18, sheria ya Kenya haiwaruhusu kucheza pesa. Chezeni njugu, hesabu ni ile ile.)

Jumamosi hii ni kwangu, Free Area, saa kumi. Jamaa wa Lanet amethibitisha atakuja. Sabuni nimenunua.