Programu inabadilika, nani anashika plani yake?

Ndugu wachimbaji, na mama zetu mnaotungojea nyumbani,

Huku kwetu Boga tunazoea kusema kwamba shimo liko mikononi mwa PDG. Ni kweli nusu. Nusu ingine iko ndani ya ordinatere. Tangu Code Minier ya 2002, nchi yote imekatwa karé, kila moja karibu hekta 85, na Kadastre Minier (CAMI) ndiyo inaandika karé gani ni ya nani. Ordinatere ikisema kilima ni cha kampuni, mchimbaji anageuka mwizi palepale, hata kama babu yake alichimba pale.

Tarehe 9 Machi 2018 sheria ikabadilika. Redevance ya zahabu ikapanda toka 2,5 mpaka 3,5 kwa mia. Leta ya Kinshasa, iliyokuwa inachukua 60 kwa mia ya redevance, ikabakia na 50. Jimbo 25, chefferie ama sekta ama mji 15, mfuko wa vizazi vijavyo 10. Sheria inabadilika siku moja. Programu, hapana!

Programu kubwa iko na mistari maelfu kwa maelfu, na walioiandika mara nyingi wamekwisha kwenda. Kuigusa kwa mkono ni kama kung'oa mti ndani ya galeri bila kujua ni upi unashika udongo. Kuna njia ingine: unatoa kwanza ndani ya programu ya zamani plani yake, wanaita modeli, inayoonyesha kanuni zote na kitu gani kinategemea kipi. Unarekebisha plani, kisha mashine yenyewe inaandika mistari mipya. Watu wa Nantes, Ufaransa, walitengeneza chombo cha kutoa plani hiyo, MoDisco, na ni cha bure. Si dawa ya miujiza: plani ikikosea, mistari nayo inakosea, tena mbio zaidi.

Sisi tunaona hivi: Leta ikilipa programu, plani ibakie mali ya Leta, na kanuni zake ziandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili ili koperative izisome. Leo ramani ya karé inaonekana ku intaneti, rezo ikikubali. Lakini ramani inaonyesha jibu tu, haionyeshi kanuni iliyolileta.

Waziri akifungua ama akifunga eneo la wachimbaji wa mkono (ZEA), karé zake zinapita wapi ndani ya programu, na nani anapata zamu ya kwanza? Koperative zetu zikishuka Bunia, ziulize hilo mbele ya kuuliza bei ya kadi.