Acheni Kufundishwa Tufaha

Kama neno la kwanza ulilofundishwa la Kihispania ni manzana, umepotezewa bando. Manzana ni tufaha. Sisi watu wa Kimulot tufaha tunaliona tukienda Bomet ama Kericho, limepangwa kwa supamaketi kama kitu cha wagonjwa. Siku ya pili programu inakuambia "uwanja wa ndege". Ya tatu, "pasipoti yangu iko hotelini". Pasipoti gani, bana? Mimi kitu iko karibu na mimi ni majani chai, matope na ng'ombe wa jirani.

Halafu unaacha baada ya wiki mbili, unasema Kihispania ni kigumu. Si kigumu. Umefundishwa maisha ya mtu mwingine.

Na tusidanganyane eti hii ni mchezo. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuvuna chai hapo Kericho, kwa sababu mashine moja inakula kazi ya watu wengi. Mashine hazijaondoka. Msee wa miaka yetu anatafuta kazi ya simu na laptopu: kujibu wateja, kuandika manukuu ya video, kutafsiri. Kiingereza kila mtu anacho, kwa hivyo bei yake imeanguka. Lugha ya pili ndiyo inakutoa kwa foleni. Niliacha chuo kwa sababu bonasi ya majani haikutosha karo, si kwa sababu kichwa kilijaa. Kwa hivyo msiniambie lugha ni ya watu wa digrii.

Shida yangu kubwa si tufaha, ni njia yenyewe. Tunafundishwa Kihispania kupitia Kiingereza, na Kiingereza ndicho kinachotuchanganya. Angalieni hii. Kiingereza kinasema mtu "ni" mwenye njaa. Mhispania anasema tengo hambre: nina njaa. Tengo sed: nina kiu. Tengo prisa: nina haraka. Tengo sueño: nina usingizi. Hata umri, tengo 22 años, nina miaka 22. Ni Kiswahili kimevaa kofia! Lakini somo linakuja na onyo refu kwamba "hapa Wahispania wana ajabu yao". Ajabu ya nani? Kwangu hakuna ajabu yoyote.

Nyingine. Kuna watu wamelia kwa sababu ya soy na estoy. Video dakika arobaini, ubao, mishale, mwalimu anatoka jasho. Soy de Kimulot: mimi ni wa Kimulot. Estoy en Kimulot: niko Kimulot. Imeisha. Si kila sentensi italala hivyo vizuri, lakini mtoto wa nasari hapa anajua tofauti ya "ni" na "niko" kabla ajue kufunga kamba za viatu. Kiingereza kina neno moja la zote mbili, ndio maana Mwingereza anateseka. Sisi tunateseka kwa niaba yake.

Kichwa kikiuma? Me duele la cabeza. Kinaniuma kichwa. Matamshi? Irabu ni tano zilezile, a e i o u. Ile ñ ni "ny" ya nyumba, j ni "kh" ya kheri, h usiisome kabisa. Na kuhusu el na la, aki nisaidieni: mtu aliyekua na ki-vi, m-mi, u-zi na zile zingine zote analalamika vipi kuhusu makundi mawili?

Maneno yenyewe pia, nusu ni ndugu. Meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino. Hayo tulichukua kwa Wareno, na Kireno na Kihispania ni watoto wa mama mmoja, Kilatini. Fort Jesus ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, mfalme wa Ureno alikuwa Felipe wa Pili, huyohuyo mfalme wa Uhispania. Upande wa pili kuna Kiarabu, ambacho kilikaa Uhispania karne nyingi kuanzia mwaka 711 na kwetu kikaingia kupitia pwani. Sukari, azúcar. Zafarani, azafrán. Zaituni, aceituna. Hata lile neno "hata" ni binamu wa hasta. Hakuna somo la mwanzo nililokutana nalo lililoniambia hayo, kwa sababu halikuandikwa likinifikiria mimi.

Na hii haikuanza na simu. Wakubwa wetu walitazama Cuando Seas Mía wakakauka macho. Paloma alikuwa mchuma kahawa. Mchuma kahawa wa Mexico, anaingia kwa nyumba ya mchuma chai, na akifungua mdomo anaongea Kiingereza! Wanawake wawili wa kikapu, na katikati yao kumewekwa mkalimani ambaye hakuna aliyemwita.

Kuna mzee mmoja hapa sokoni aliniuliza, "Sasa hiyo utaongea na nani, na ng'ombe?" Swali zuri, mzee wangu. Equatorial Guinea ni Afrika na Kihispania ni lugha yao rasmi. Umoja wa Afrika mwaka 2003 ulipitisha mabadiliko yanayotaja Kihispania na Kiswahili pamoja kama lugha zake rasmi. Kiptum alikimbia maratoni yake ya kwanza Valencia, Desemba 2022, saa 2:01:53. Vijana wangapi wa Bonde la Ufa wanapelekwa Uhispania kukimbia, na mkataba wanasomewa na mtu mwingine? Mkimbiaji akijua firma ni sahihi na premio ni zawadi ya mshindi, atauliza maswali kabla ya kushika kalamu.

Ndiyo, na ng'ombe pia naongea naye. Vaca. Leche. Hivyo ndivyo inavyoshika. Ukitoka nje asubuhi, taja kile unachokanyaga: barro, matope. Mvua ni lluvia. Mvua ya mawe, ambayo hapa kwetu inaweza kumaliza majani ya mwezi mzima kwa nusu saa, ni granizo, na hilo neno sijalikuta kwa orodha yoyote ya wanaoanza. Mizani ya kupima majani ni báscula. Deni ni deuda. Hilo mtalishika haraka, nawajua.

Basi msinunue ile pdf ya maneno 500 ambayo mtu fulani anawauzia. Chukueni daftari, upande mmoja Kiswahili ama Kipsigis, upande wa pili Kihispania, na Kiingereza kikae nje kidogo. Kesho tunaanza na jikoni kwa kogo: leña, humo, harina, sal.