Kujitolea Kujenga Shule Visiwani

Wanachama wenzangu,

Likizo zikikaribia, baadhi yetu huazimu kwenda visiwani kusaidia watu kujenga shule. Azimio hilo ni jema, wala sisemi liachwe. Walakini yafaa tuulizane: tukiisha kurudi makwetu, je, tumeacha shule, au tumeacha kuta?

Miaka sita iliyopita nilikwenda pamoja na wenzangu wanane katika kisiwa kimoja cha Mafia. Tulikuwa na saruji, nondo na mabati, na siku kumi tulizozipanga kwa kalenda ya ofisini. Tulifika wakati wa maji mafu, chombo kisiweze kukaribia, na mifuko sita ya saruji ikalowa tukiivusha kwa vichwa. Kwa haraka tukachota mchanga ufukoni. Mzee mmoja fundi akatuambia, "Wanangu, mchanga huu una chumvi, utakula chuma chenu." Tukamjibu kwamba muda ni mchache. Mwaka jana nikapata khabari kuwa zege juu ya mlango limepasuka, kwani chumvi hutia chuma kutu, na kutu huvimba. Aibu ile ni yetu, si ya wenyeji.

Fikirini kisiwa kama Jibondo. Nchi yake ni mawe, maji ya kunywa yalikuwa taabu kwa miaka mingi, na watu wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo tangu zamani. Hao waijua bamvua kuliko sisi tuijuavyo tarehe ya mshahara. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iwekwe mwaka 1995, matumbawe ya baharini yanalindwa, hayachimbwi ovyo kwa kuchoma chokaa. Basi saruji huja kwa chombo, na maji ya kukorogea zege huweza kutoka katika ndoo za akina mama. Ajitoleaye bila kulijua hilo huwanyima maji wale aliokuja kuwasaidia.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, tuandikie kamati ya kijiji kabla ya kufunga safari, nayo ituchagulie siku. Pili, tuanze kwa tangi la kukingia maji ya mvua na nyumba ya mwalimu. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, watoto wakajaa. Lakini darasa lisilo na mwalimu ni ghala tu, na mwalimu asiye na pa kulala hakai. Tatu, kazi yetu khasa ni kalamu. Tuwasaidie wanakamati kutunza daftari la fedha na kuandika maombi ya walimu kwa Halmashauri. Wako watakaosema kwamba kazi hiyo haionekani katika picha. Ni kweli, lakini hudumu.

Mimi nitarudi kule kwa gharama yangu, siku itakayowekwa na wenyeji, ili zege lile livunjwe na kumwagwa upya kwa mchanga usio na chumvi. Atakaye kufuatana nami na ampe Katibu jina lake.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulipokee jembe hilo kwa moyo, ila mwenye shamba na atuonyeshe pa kulima.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Pwani