MPIGA KURA AKIBADILI NIA



Tumesikia maneno mengi karakanani na katika nyumba za reli juu ya wenzetu ambao uchaguzi uliopita walimshangilia mgombea fulani, na sasa hawamtaki tena. Wanaitwa vigeugeu. Wengine wanaambiwa wamekula hongo. Chama hakimwamuru mwanachama ampe nani kura yake, lakini fitina hii imeingia kati ya watu wa kazi moja, na kwa hiyo hatuwezi kunyamaza.

Kubadili nia si jambo geni katika mji wa Nairobi. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Nafasi zilikuwa nane tu. Tena kura hazikuwa sawa: mwenye elimu, mshahara mzuri au mali aliweza kupewa kura mbili hata tatu, na kuli asiye na cho chote hakupewa hata moja. Mkikuyu naye alitakiwa kwanza awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Hapa Nairobi walishindana Bw. Argwings-Kodhek, wakili aliyewatetea kortini walioshtakiwa kwa mambo ya Mau Mau, na Bw. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 26. Mtu wa akili aliweza kumchagua ye yote kati yao bila kuona haya. Wakili alisimama na watu siku za hatari. Mboya alikwenda Mombasa mwaka 1955 makuli wa bandari walipogoma, na nyongeza ikapatikana. Mboya alipata kura 2,138, na wakili 1,746.

Sasa tazameni Februari 1961, katika Nairobi Mashariki. Mboya alishindana na Dr. Munyua Waiyaki, na katika daftari la wapiga kura Wakikuyu walikuwa wengi kuliko Wajaluo. Wengi walidhani kabila litaamua. Watu wakatazama picha ya ndege, alama ya Mboya, wakawakumbuka wale vijana 81 waliopelekwa Marekani kusoma mwaka 1959, wakahesabu. Mboya kura 31,407, Dr. Waiyaki 2,668. Hesabu kama hiyo haipatikani kwa kabila moja! Lazima wengi waliomtilia shaka zamani walibadili nia, na hatujasikia kwamba walihongwa wote.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1962 Mboya, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia mkataba kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, na mkataba ule ulitusaidia kutambuliwa na matajiri waliokuwa hawataki hata kutuona mlangoni. Kisha mwaka 1965 ikaja sheria ya magomvi ya kazi iliyofanya kugoma kuwa kugumu sana, na mwaka huo huo mashirikisho yaliyokuwapo yakavunjwa, ikaundwa COTU, na Rais akapewa kauli ya mwisho juu ya nani awe katibu mkuu wake. Mboya alikuwa waziri katika serikali ile. Mfanyakazi aliyepigia ndege kura mwaka 1961 alikuwa na haki kamili ya kumwuliza: Bwana, fimbo yetu umeiweka wapi? Na yule aliyempenda mpaka siku alipopigwa risasi, tarehe 5 Julai 1969, naye alikuwa na sababu zake. Hao wawili wangeweza kukaa meza moja wakanywa chai.

Tunayemlaumu sisi ni yule aliyebadilika kwa pakiti ya unga na kofia. (Kofia zenyewe hupauka kabla ya mvua ya pili.) Tunamlaumu pia asiyebadilika kamwe kwa kuwa mgombea ni wa kwao, hata kama mgombea huyo hakuonekana siku tulipokaa nje ya lango bila mshahara.

Kamati imewaandikia wagombea wote waje kwenye mkutano wa tawi kabla ya siku ya kura. Hakuna hotuba ndefu. Kila mmoja ataulizwa juu ya nyumba, malipo ya uzeeni na haki ya kugoma, na majibu yao yataandikwa na kubandikwa ubaoni, hapo karibu na saa ya kuingilia kazini, yakae mpaka uchaguzi mwingine.