Ahadi Pekee Si Maendeleo

Kila mwaka tunatangaziwa kwamba chombo kipya kitaugeuza ulimwengu mara moja. Hatuipingi sayansi, tunadai ushahidi.

Mwaka 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte wa Marekani aliionyesha kompyuta ndogo ya watoto wa nchi maskini, akiahidi kwamba bei yake itakuwa dola 100. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, bei ilikaribia dola 200. Rwanda iligawa zaidi ya laki mbili. Peru ilinunua zaidi ya laki nane. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza shule za Peru walitangaza kwamba wanafunzi waliopewa kompyuta hizo hawakuwapita wenzao katika hesabu wala lugha. Chombo kilifika, lakini mwalimu hakuandaliwa vya kutosha kukitumia.

Leo ahadi ni za akili bandia. Kabla ya kufungua hazina ya umma, viongozi wetu na waulize: umeme utatoka wapi? Nani atavitengeneza vyombo vikiharibika? Mwalimu amefunzwa nini? Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni mwalimu na kitabu.