Serikali Nayo Hukata Ruti

Kwa wale wasiopanda daladala za Dar es Salaam, ngoja nianze na msamiati. Kukata ruti ni pale gari lililoandikwa ubavuni kwamba linakwenda Chanika linapofika Pugu Kajiungeni, konda akagonga bodi na kutangaza, "Mwisho hapa, tunageuza." Wewe wa Chanika unashuka gizani na mfuko wako wa unga, unaanza kutafuta gari jingine na nauli nyingine. Kosa hilo linajulikana. LATRA wanalijua, trafiki wanalijua, na suka akikamatwa anatozwa faini.

Swali langu leo ni moja tu: serikali ikikata ruti, nani anaiandikia faini?

Nauliza kwa sababu tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo, vijiwe vya mjini vimepata mada mpya. Sasa bado treni ya chini ya ardhi Dar, wanasema watu. Kila mmoja anachora njia yake mezani kwa kidole kilicholowa chai: Posta, Kariakoo, Mlimani City, Masaki, uwanja wa ndege. Ndoto ni nzuri, na mimi sina ugomvi na anayeota. Ugomvi wangu ni kwamba katika michoro yote niliyoonyeshwa sijaona inayofika Kivule. Sijaona inayofika Mbande. Hata tukiota bure, bila kulipia senti, bado tunakata ruti!

Mimi ni mtoto wa Chiwanda. Kwa wasiojua jiografia, nenda Songea, shuka Mbinga, teremka milima hadi Ziwa Nyasa, ukifika Mbamba Bay usishuke, endelea kuelekea mpaka wa Msumbiji. Zamani tulikuwa Wilaya ya Mbinga, sasa tuko Wilaya ya Nyasa. Sisi watu wa ufukweni tunaifahamu mistari ya kwenye ramani kuliko mnavyodhani. Kuna reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kilomita kama 1,000, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Wazee wetu waliisikia kwenye redio, wazazi wetu wakaisikia kwenye kampeni, sisi tumeisoma kwenye magazeti, na baadhi yetu sasa tunayaandika hayo magazeti. Reli yenyewe bado ni wino.

Tazama kitu kingine. Reli hiyo ya karatasi inaishia Mbamba Bay. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga nayo iliishia Mbamba Bay. Meli zinazotoka Kyela, tangu enzi za MV Songea hadi MV Mbeya II, kwa upande wetu wa ziwa zimekuwa zikiishia Mbamba Bay. Siwaonei wivu majirani zangu wa Mbamba Bay, wamesota vya kutosha na wanastahili kila walichopata. Nasema tu kwamba mtu wa Chiwanda mwenye gunia la usipa anajua fika maana ya kuambiwa "mwisho hapa, tunageuza." Ndiyo maana nilipohamia Dar na kuanza kutazama ramani za usafiri wa jiji, niliona mkono ule ule ulioshika kalamu.

Tuanze na reli zilizopo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikafika Kigoma 1914. Ilijengwa kutumikia bandari. Baadaye miaka ya 1970 ikaja TAZARA, ikajengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwa makaburu. Sababu zote hizo zilikuwa na uzito wake. Lakini reli hizo mbili zinapita katikati ya makazi ya watu: moja inapita Vingunguti na Gongo la Mboto hadi Pugu, nyingine inapita Yombo, Kigilagila na Majohe hadi Mwakanga. Mabehewa yalipita madirishani mwa watu mwaka baada ya mwaka, na watu wakaendelea kwenda kazini kwa miguu na kwa kuning'inia milangoni mwa daladala. Ilibidi tusubiri hadi tarehe 29 Oktoba 2012 ndipo treni za kubeba watu wa mjini asubuhi na jioni zianze kwenye reli hizo. Wananchi wakaibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Zaidi ya miaka 100 tangu reli iondoke stesheni! Na chuma kilikuwa pale pale chini muda wote.

Ukaja mwendokasi. Awamu ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016, kilomita kama 21, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Ni kazi kubwa, nani atabisha? Lakini njia iliishia Kimara wakati Mbezi, Kibamba na Kiluvya zimeshajaa watu. Awamu ya pili, barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, ujenzi ulianza 2019. Zege likamwagwa, vituo vikasimama, vikapata vumbi. Mabasi ya njia hiyo yaliwasili 2025. Awamu ya tatu imeelekezwa Gongo la Mboto, ya nne Tegeta.

Sasa chukua ramani ya njia hizo zote uitazame kama mkono wako. Vidole ni Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Kiganja ni Kariakoo na Kivukoni. Kila kidole kinaingia kiganjani. Hakuna kidole kinachogusa kidole. Ukikaa Chamazi na una shughuli Kinyerezi, mpango unakutaka uingie kwanza mjini, ushangae maghorofa, kisha utoke tena. Kwani nani kasema wakazi wa Dar wote wanafanya kazi Posta? Mama lishe wa Mbande haendi Posta. Fundi ujenzi wa Kivule kesho yuko Goba, kesho kutwa yuko Bunju. Mwanafunzi, mgonjwa wa kliniki, muuza mitumba, dada wa kazi anayerudi kwake jioni, hawa wanakwenda kidole kwa kidole. Na hao ndio wengi wanaopanda bodaboda ya kwanza, daladala ya pili na bajaji ya tatu, wakilipa kila wanapobadilisha.

Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 imekuta watu 5,383,728. Hawa wote hawakuongezeka Upanga. Walikwenda kiwanja kilikokuwa nafuu na kodi ya chumba inakolipika, yaani mwisho wa ruti na mbele ya hapo. Huko ndiko tunakofikia sisi wa mikoani tukiingia mjini. Mpangaji wa chumba kimoja huko anaamka saa kumi alfajiri. Wengine hufikia hatua ya "kugeuza" nalo, yaani unalipanda gari linaloelekea upande usiokwenda, unalipa nauli ya kurudi nyuma, ili likigeuza uwe umeshakaa kwenye siti. Msomaji wangu, hebu fikiria. Mtu masikini analipa mara mbili kwa safari moja ili tu asisimame saa mbili. Hiyo ni kodi, ila haijapitishwa na Bunge.

Haya, kulalamika kila mtu anaweza. Na mimi nachora njia zangu, bure kama wenzangu wa kijiweni.

Njia ya kwanza haihitaji tingatinga. Ni reli mbili zilizopo, ya Pugu na ya Mwakanga. Treni zipite kutwa nzima, kila nusu saa, saa zinazojulikana, siku za wiki na mwisho wa wiki. Mtu anayetoka zamu ya usiku saa nne asubuhi naye ni abiria. Vituo viwe na taa, paa na choo. Na pale reli inapokatana na barabara ya lami, daladala ziruhusiwe kusogea hadi mlangoni mwa kituo badala ya kufukuzwa.

Njia ya pili ndiyo kubwa, ninaiita Mshipi. Inaanzia Bunju, inapita Madale na Goba, inakata barabara ya Morogoro pale Mbezi Mwisho, inashuka Malamba Mawili na Kinyerezi, inakata barabara ya Nyerere na kwenda Pugu, kisha Chanika, Mbande, Chamazi, Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Kibada, na kuishia Feri ya Kigamboni. Haigusi Kariakoo hata kidogo. Itazame vizuri: inakutana na kila kidole cha mwendokasi, inakutana na treni na SGR pale Pugu. Ianze kwa mabasi makubwa yenye njia yake. Ikijaa, iwe reli ya juu ya ardhi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina barabara tayari, nyembamba na za shida, lakini zipo. Kinachohitajika leo ni kuweka alama za hifadhi ya njia kabla nyumba hazijasogea, maana kila mwaka tunaochelewa fidia inapanda.

Njia ya tatu ni fupi: Banana, Kitunda, Kivule, hadi Msongola. Aliyewahi kupita Kivule mvua za masika hahitaji maelezo yangu.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza litasema, mbona hujachora treni ya chini ya ardhi? Sikuchora kwa makusudi. Karakana ya mwendokasi ya Jangwani imefurika maji zaidi ya mara moja, nayo iko juu ya ardhi! Handaki ni ghali, na mji ukiwa na fedha za handaki moja tu, mnajua litachimbwa wapi. Litachimbwa wanapokaa wakubwa. Addis Ababa walizindua treni yao ya mjini Septemba 2015, njia mbili, tukawaonea gere. Miaka michache baadaye treni nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Basi linalokuja ni bora kuliko treni iliyoegeshwa.

La pili litasema, huko pembezoni hakuna abiria wa kulipa, njia italeta hasara. Waulizeni watu wa Medellín, Colombia. Mwaka 2004 walipandisha vibehewa vya kamba kwenda mitaa ya masikini mlimani, mitaa iliyokuwa ikiogopwa kwa bunduki, wakaviunganisha na treni yao ya mjini. Abiria wakajaa. Abiria wa Mbande wapo na wanalipa kila siku. Tofauti ni kwamba wanawalipa watu wanne kwa safari moja.

La tatu litasema, tulia, mambo yote yapo kwenye mpango mkuu. Sawa. Lagos nako mpango ulikuwepo. Gavana Jakande aliuanzisha 1983, wanajeshi wakaufuta 1985, na treni ikabeba abiria wa kwanza Septemba 2023. Miaka 40! Aliyekuwa kijana akisubiri kituoni alipanda akiwa mzee, kama alipanda. Sisi wa reli ya Mbamba Bay hatuhitaji kufundishwa mpango mkuu ni nini.

Na la nne, hili nalitegemea kutoka kwa ndugu zangu wa Chiwanda: kijana, kwetu hata lami hakuna, wewe unahangaika na mabasi ya Dar? Kaka zangu, dada zangu, shikamooni kwanza wakubwa. Ninahangaika nayo kwa sababu anayechora Dar ndiye anayechora na kwetu. Anaanza na bandari, anaanza na mgodi, anaanza na ofisi, halafu anavuta mstari hadi fedha ziishe, na pale zilipoishia anapaita mwisho. Akizoea kumwacha mtu wa Chanika, ambaye yuko jiji moja naye na anapiga kelele mlangoni kwake, wa Chiwanda atamkumbuka lini?

Kwa hiyo dai langu ni la utaratibu. Kila mpango wa njia ya abiria utaje kwenye ukurasa wa kwanza ni nani abiria wake wa mwisho, anakaa wapi, na anatembea umbali gani kufika kituoni. Huduma ianze kule anakokaa yeye, ije mjini, si kinyume chake. Kama fedha hazitoshi, basi zipungukie Posta, ambako mtu akishuka kituo kimoja kabla atatembea kwenye lami yenye taa. Na zege lisimwagwe kabla mabasi hayajaagizwa, tusije tukajenga tena vituo vya kukusanya vumbi.

Suka wa daladala akikata ruti tunasema ana tamaa, tunamtoza faini. Wenye kalamu nao wawe na mtu wa kuwaandikia faini. Mtu huyo ni mimi na wewe, kwa kuuliza kila mara wanapotuonyesha picha za rangi: njia hii inaishia wapi, na baada ya hapo wanakaa akina nani?

Naomba kutoa hoja.