Heshima ya Msindikizaji

Katika riadha ya Afrika Mashariki neno "msindikizaji" limekwisha kuwa neno la dhihaka. Mwanariadha arudiye kutoka mashindano ya ng'ambo bila nishani huambiwa kwamba alikwenda kuwasindikiza wenziwe. Ajabu ni kwamba watu hao hao hawachoki kumsifu John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza wa mwisho mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji. Hata hivyo dhihaka imetia mizizi, na shule nyingi huilea bila kujua: mwalimu wa michezo huandika muda wa mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wengine thelathini hurejea bwenini kana kwamba hawakukimbia. Ipo nchi ya milima ambako neno hilo ni cheo, na sababu zake ni za kisayansi kuliko za adabu.

Nchi hiyo ni Lake District, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Tarehe 13 Juni 1932 mwenye nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Keswick, Bob Graham, alianza safari ya kupita vilele 42 na kurudi alikoanzia kabla ya saa 24 kutimia. Alitumia saa 23 na dakika 39, akiwa na viatu vya tenisi na marafiki waliopokezana kwenda naye. Ilipita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuweza kuirudia safari hiyo. Tangu hapo watu zaidi ya 2,000 wameimaliza, wengi wao wanachama wa klabu ndogo za wakimbiaji: walimu, mafundi, wauguzi, watu wa kazi za kila siku ambao hawangefika fainali ya mashindano yoyote makubwa.

Masharti yake yanastahili kuangaliwa. Mtu hahesabiwi kuwa amefika kileleni kwa kusema tu kwamba amefika. Sharti awepo mwenzake aliyeshuhudia, na saa ya kufika kila kilele iandikwe. Mwanafunzi wa sayansi atautambua utaratibu huo mara moja, maana jaribio lisiloandikwa ni hadithi tu. Lakini shahidi huyo hakai juu ya jiwe akingoja. Hupanda pamoja na mkimbiaji, hubeba chakula na maji yake, hushika ramani na dira, na humwangalia. Mwakani huenda zamu zikageuka, aliyesindikizwa akawa msindikizaji. Klabu hufanya mazoezi pamoja miezi mingi, wakati wa baridi na giza, wala si wote wanaojiandaa kwa safari yao wenyewe. Wengine wanajiandaa kwa zamu ya kusaidia.

Ugumu wa kazi hiyo waweza kupigiwa hesabu kwa fizikia ya sekondari. Urefu wa njia ni kilomita 106 hivi, na jumla ya mipando ni mita 8,200 hivi, kimo kipitacho Kilimanjaro kikipimwa toka usawa wa bahari. Mtu mwenye kilo 70 anayejiinua mita 8,200 hufanya kazi ya 70 × 9.8 × 8,200, yaani jouli milioni 5.6, au kilokalori 1,340. Misuli hugeuza kuwa kazi kiasi cha robo tu ya nishati inayotumia. Iliyobaki hutoka kama joto. Basi kupanda peke yake kwadai kilokalori 5,400 hivi, sawa na kilo moja na nusu ya mchele mkavu, kabla ya kuhesabu hatua hata moja ya kwenda mbele. Ghala ya wanga iliyomo katika misuli na ini haizidi sana kilokalori 2,000. Mafuta ya mwili husaidia, lakini hutoa nishati polepole, na mkimbiaji asiyekula kila saa hufika mahali miguu ikakataa. Tena mwendo wenyewe si wa ajabu: kilomita 106 kwa saa 24 ni kama kilomita nne na nusu kwa saa, mwendo wa mtu aendaye sokoni. Aanzaye mbio kama swala hulipa deni hilo usiku.

Wengi hudhani kwamba mlima humshinda mtu wakati wa kupanda. Misuli yenyewe yatoa ushahidi mwingine. Mtu anapoteremka, msuli wa mbele ya paja hurefuka huku umekaza, kwa kuwa unafanya kazi ya breki. Kukaza kwa namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za msuli, na ndiyo sababu aliyeteremka mlima mrefu bila mazoezi huona maumivu makali zaidi siku ya pili, hata ngazi za nyumba zikamtisha. Lakini msuli hujifunza. Mteremko mmoja wa kadiri, ukifuatwa na siku za kupumzika, humkinga mtu kwa majuma kadhaa asiumie vile tena. Hapa klabu za milimani zimewazidi walimu wengi wa riadha, ambao huwapandisha vijana vilima kwa firimbi na kuwaacha washuke kama wapendavyo, kana kwamba kushuka si zoezi. Mkimbiaji wa barabara ya lami, hata awe na mapafu ya farasi, hana kinga hiyo. Na hawezi kuipata kwa kusoma.

Ndipo inapokuja hoja ya wanaobeza. Wanasema mtu aliyebebewa maji na kuonyeshwa njia hakushinda mlima, alipelekwa. Hutaja pia mbio za Vienna za tarehe 12 Oktoba 2019, ambapo Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiongozwa na wasindikizaji 41 waliopokezana, na muda wake haukuingizwa katika rekodi za dunia. Katika mashindano ya mtu na mtu sheria hiyo ni ya haki, maana wakimbiaji lazima wapimwe kwa mizani moja. Tena wako waliozunguka vilele 42 bila msaada wa yeyote, nao wanastahili sifa yao. Lakini hoja ya wabezaji inasahau chombo kimoja ambacho uchovu hukiharibu mapema, nacho ni akili. Aliyetembea saa 18 bila usingizi husahau kula, husoma ramani vibaya, na hujiambia kwamba anaendelea vema. Mvua ikimlowesha na upepo ukavuma, joto la mwili likishuka hadi kiasi cha hatari, huchanganyikiwa asijue kwamba amechanganyikiwa. Kipimajoto kilichoharibika hakiwezi kujisahihisha. Inahitajika akili nyingine, iliyolala usiku na kula asubuhi, yenye idhini ya kusema, "Tunashuka." Msindikizaji ndiye chombo hicho, na thamani yake haihusiani na wepesi wa miguu yake.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa milima ya Afrika Mashariki. Vilele vya Lake District ni vifupi. Kilicho kirefu kuliko vyote, Scafell Pike, kina mita 978 tu, na hewa ya pale haina upungufu wa kuhofia. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na kila pumzi huko huleta karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Maradhi ya kimo hayaheshimu mazoezi: kijana bingwa wa mkoa anaweza kuzidiwa pale ambapo mzee mnene anaendelea polepole. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliye hodari, kwa sababu miguu yake humpandisha haraka kuliko damu yake inavyoweza kuzoea. Ubongo ukianza kuvimba, mgonjwa huyumba, hunena maneno yasiyopangika, na mara nyingi hukana kwamba anaumwa. Katika kundi linaloshindana, nani atakubali kupoteza kilele kwa ajili ya mwenzake?

Kwa hiyo shule zilizo Lushoto, Morogoro au Moshi, zenye milima mlangoni, hazina haja ya kungoja bingwa azaliwe. Zianze na vilima vya jirani, mita mia tatu au nne za mpando, na darasa zima. Nusu ya wanafunzi wakimbie na nusu wasindikize, kisha wabadilishane juma lifuatalo, baada ya misuli kupona. Msindikizaji apewe daftari: saa ya kufika kila kituo, mapigo ya moyo kwa dakika, maji yaliyonywewa, na chakula kilicholiwa. Jioni takwimu hizo zichorwe kwa grafu ubaoni, za aliyetangulia na za aliyekuja nyuma pia, kwa maana mara nyingi aliyekuja nyuma ndiye mwenye grafu iliyonyooka.

Na wale watakaokwenda juu kwenye baridi na hewa nyepesi wafundishwe kwanza jaribio moja lisilohitaji maabara. Mwenzako akianza kubaki nyuma na kunyamaza, chora mstari chini kwa fimbo, umwambie aufuate hatua kumi, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba, asiulizwe anajionaje. Ashushwe saa hiyo hiyo, usiku au mchana, naye asiachwe ashuke peke yake.